Wimbo Niliomnyima Mama

Mtito Andei

Kwako Baba, Mbumbuni,

Nakusalimu kwa kalamu kwa sababu koo langu bado halijaruhusiwa kusema. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Na mbuzi wa Mama ameshazaa? Mimi mwili una nafuu, ila moyo hauna amani. Nimekupigia mara mbili, ukasikia pumzi tu, ukakata.

Baba, najua ulisubiri niimbe jeneza la Mama likishuka. Mimi ndiye kifungua mimba, wimbo ulikuwa wangu. Nilifungua mdomo ikatoka hewa. Shangazi akasema watu wasikie, "Huyu ako na maringo ya Mtito." Nawe ukaniangalia: "Mwende, hata wimbo mmoja umemnyima mamako?" Hujawahi kuniita Mwende. Nina jina la mama yako, na tangu utoto umeniita mwaitu, mama yangu. Hilo liliniuma kuliko koo.

Ukweli ni huu. Koo lilianza kwa homa iliyotupitia sote hapa hotelini. Wenzangu walipona, mimi nikabaki. Nikanunua vidonge dukani bila kupimwa. Mama, mgonjwa vile alivyokuwa, akaniambia kwa simu nitafune pilipili na ndimu kila asubuhi. Alipofariki nikaongeza, mara tatu kwa siku, ili sauti iwe tayari kumzika.

Juzi nilionana na daktari. Anasema koo la watu wazima mara nyingi huumizwa na virusi, huisha lenyewe, na vidonge vile havikuwa na kazi. Langu lilikawia kwa moshi wa kuni, kupaza sauti jikoni kutwa nzima, na asidi ya tumbo inayopanda, maana nakula wateja wakiisha kisha nalala papo hapo. "Na hiyo pilipili na ndimu, madam, ndio inakumaliza," akasema. Nililia mbele yake. Sikumwambia ni dawa ya nani.

Jana nikiosha sufuria sauti ilirudi kidogo, inakwaruza. Niliimba mstari mmoja nikanyamaza. Wa kuusikia hayupo.

Nisalimie Shangazi, sina kinyongo naye, na kitinda mimba wetu Musyoka, asikuache ukachote maji na goti hilo. Nikipata ruhusa nitakuja niimbe kaburini, hata kwa sauti mbovu.

Usihangaike kunijibu kwa barua, Baba. Nipigie tu. Sitasema kitu. Niite lile jina mara moja, halafu ukate.

Ni mimi binti yako,
Mwende