Simu ya Saa Moja Jioni

Blaenau,
Jumatatu mchana

Mdogo wangu Ifan,

Pokea salamu zangu, za Mama, na za mvua ya hapa, ambayo nayo haijambo kabisa. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Perth, wewe na wifi yangu Kirsty, na kwamba mwanenu Beca ameshapona yale mafua. Sisi huku ni wazima wa mwili. Akili yangu ndiyo sina hakika nayo, na ukimaliza kusoma hutakuwa na hakika na yako pia. Kaa chini kwanza. Kama Kirsty yuko karibu, akuwekee chai.

Uliniagiza nimtafutie Mama kifurushi nafuu cha simu ya mezani na intaneti, kwa sababu mkataba wake ulikwisha na kampuni ikapandisha bei kimyakimya, kama wafanyavyo kwa wazee wasiosoma barua zao. Basi nikaomba likizo kazini, nikapanda gari kutoka Bangor, nikamwaga vipeperushi mezani jikoni. Mama akavitazama kama mtu aliyeletewa samaki aliyeoza.

Vyote ni vilevile, Ifan, rangi tu ndizo tofauti. Cha bei ya chini kina intaneti na simu, lakini kila ukipiga unalipia. Cha katikati kina simu za bure jioni na mwisho wa wiki, mradi usizidishe saa nzima kwa mara moja, ukizidisha, unakamuliwa. Cha juu kina simu za bure usiku na mchana. Msichana wa kampuni niliyempigia alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Alitaka kujua Mama anatazama filamu ngapi kwa wiki. Nikamwambia Mama anatazama mbio za mbwa wa kuchunga kondoo, na hizo nazo huzizima zikianza kumchosha.

Nilishachagua cha bei ya chini, kwa akili ya kawaida tu. Mama ana nani wa kumpigia? Wewe unampigia mwenyewe kutoka huko, mimi humpigia Jumapili, na marafiki zake wengi wako makaburini. Hapo ndipo Mama alipogeuka chui. Alisema kifurushi kisicho na simu za jioni hakitaingia nyumba hii. Alisema ni afadhali nimkatie moto wa kuota. Nikamuuliza anampigia nani. Akasema nioshe vikombe.

Jioni hiyo nikamchunguza. Ilipofika saa moja aliingia kwenye korido, akakaa kwenye kile kiti chake kando ya simu, akafunga mlango. Nikasikia ananong'ona. Halafu nikamsikia akicheka, Mama yetu, ambaye mara ya mwisho kumwona akicheka ni pale mchungaji alipodondosha meno. Saa nzima ilipokaribia kwisha akakata, akapiga upya, akaendelea. Alipotoka nilimuuliza tena. Akaniambia, "Mambo yangu ni yangu, Nesta. Wewe shughulika na intaneti."

Unajua nilivyowaza. Magazeti yamejaa habari za matapeli wanaowapigia wajane, wanawaita mpenzi na mama, wanakomba akiba mpaka senti ya mwisho. Nilijua kwa yakini kwamba tapeli mmoja ana Mama yetu mkononi. Sikukuambia kwa sababu ungepanda ndege. Bili nayo ilikuwa haisemi kitu, maana simu za bure haziorodheshwi. Basi nikafanya uamuzi kama dada mkubwa: nikasaini kile cha bei ya chini, Mama akiwa dukani. Nilisema huyo mwizi atakula wapi sasa.

Fundi alikuja Alhamisi asubuhi akaleta waya mpya na kile kisanduku cha intaneti, tukakiweka sebuleni. Kitu kimoja alikisema akiwa mlangoni anafunga koti, nami nikakiitikia bila kukisikia: kwamba laini ya zamani imekufa, na simu ya korido lazima ichomekwe nyuma ya kisanduku kipya. Mimi niliiacha palepale ilipokuwa, kwenye tundu lake la ukutani. Simu ya mkononi uliyomtumia Mama iko kwenye droo pamoja na vijiko, haijapata kuonja chaji tangu ifike.

Saa moja jioni ikaingia. Mama akaenda kwenye korido, akafunga mlango. Hazikupita dakika mbili akatoka, uso mweupe kama unga. Akasema simu haitoi mlio. Nikamjibu, kwa ule utulivu wa mtu anayejiona mjanja, kwamba itapona kesho, na kama kuna mtu anayesubiri pesa zake basi aendelee kusubiri. Hakuelewa nasema nini. Akavaa koti, akalivua, akalivaa tena. Akasimama nyuma ya mlango wa mbele, mkono kwenye kitasa. Nikamwambia mvua inanyesha, anakwenda wapi. Akasema, "Nyamaza, Nesta, naomba unyamaze." Kisha akafungua.

Na pale kizingitini, mkono juu tayari kubisha, alikuwa amesimama mama mdogo Menna.

Ndiyo. Menna yuleyule. Ambaye nyumba yake iko chini kidogo tu ya mtaa huuhuu, na ambaye tangu mazishi ya Bibi, miaka zaidi ya ishirini, hajakanyaga kwetu wala sisi kwake, kwa sababu ya lile kabati la vyombo. Unakumbuka alivyoapa mbele ya jeneza kwamba hataingia nyumba yenye kabati aliloahidiwa yeye akapewa dada yake. Unakumbuka Mama naye alivyoapa kwamba hatamtazama usoni mpaka siku ya kumfunika kwa udongo. Sasa alikuwa kwenye mvua kavaa ndala za chumbani na koti juu ya nguo ya kulalia, na kila pazia la mtaa linacheza.

"Uko hai," Menna alisema. "Hukupiga. Nilijua umekufa."

Mama akamtazama usoni. Nilikuwa nyuma yake, sikuona macho yake, niliona mabega tu. Akasema, "Ndala zako zimelowa. Ingia."

Akaingia, Ifan! Nilikuwa nimesimama kama kigingi. Nilitafuta kiti nikakosa, nikakalia ndoo ya makaa. Menna akapita jikoni akitiririka maji, akasimama mbele ya kabati la Bibi, na sahani za buluu zote zikiwa zimejipanga vilevile. Akapitisha kidole kwenye rafu. Akamwambia Mama kwamba halifuti vumbi. Mama akajibu, bila hata kupumua, "Lifute wewe. Ni lako, lichukue."

"Silitaki," Menna alisema. "Halipiti mlangoni kwangu. Nilipima wiki ileile ya mazishi."

Wakaangaliana. Halafu wale wazee wawili wakaanza kucheka mpaka Menna akashika kifua na mimi nikakimbilia maji. Kucheka kulekule nilikokusikia nyuma ya mlango.

Ilipoisha chai na mkate wa zabibu, Mama alinisimulia, na Menna akawa anamsahihisha. Ilianza miaka mingi iliyopita, Mama alipopata kwa mara ya kwanza kifurushi chenye simu za jioni. Alikuwa ameshalipia na hana wa kumpigia, na unamjua Mama, kilicholipiwa kisitupwe, hata maji ya viazi anayapikia supu. Ikatokea Menna kaweka maua kanisani siku ya mavuno kwenye dirisha ambalo Mama alilihesabu lake. Mama akaona kuliko simu ipotee bure, amtukane. Akapiga, akamtukana saa nzima. Saa ilipokwisha matusi yalikuwa bado, na Menna hakuwa amejibu hata nusu. Basi kesho yake akapiga amalizie. Walitukanana majira yote ya baridi, bure kabisa, ndani ya kifurushi. Kidogokidogo matusi yakapungua, akiba ilikuwa haitoshi. Jioni moja wakajikuta wanazungumzia mguu wa Menna. Tangu siku hiyo hawajaacha jioni hata moja, na wakawekeana sharti: simu isipolia, mmoja wao amekufa.

Na Jumapili, Ifan, kanisani, wanapishana mlangoni kila mmoja kageuzia shingo ukutani! Nikawauliza, karibu napiga kelele, kwa nini hawakusema. Mama akanitazama kana kwamba mimi ndiye mwehu. Alisema nusu ya kanisa ilihama viti kwa ajili yake na nusu kwa ajili ya Menna. Watu walioacha kusalimiana kwa sababu yenu, akaniuliza, mtawaendea na uso gani kuwaambia kwamba nyinyi mmeshapatana?

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Sisi wapumbavu hatukulima. Tuliingia vitani. Wewe ulimng'oa Emyr jino nyuma ya klabu ya raga kwa sababu alimwita Mama mwizi wa makabati, Emyr mtoto wa mama mdogo, ambaye mlikuwa mkilala kitanda kimoja na kuvaa soksi za kupokezana. Hakuja kwenye harusi yako. Hukuja kumzika baba yake. Nawe ulikwenda Australia, na mimi najua, hata kama hukusema, kwamba mji huu ulikuwa mdogo mno kwa mtu anayemkwepa nduguye kila kona. Na muda wote huo mama zenu walikuwa wanapeana habari zenu, kila jioni, saa moja.

Nimebakiza moja, nayo ndiyo iliyoninyima usingizi. Lile shali jeupe alilovishwa Beca siku ya ubatizo, ambalo Kirsty amelikunja kwenye karatasi laini na kusema ni la bibi yake, Mama hakulifuma. Vidole vya Mama haviwezi kushika sindano tangu zamani, na hakuna kati yetu aliyejiuliza. Lilifumwa na Menna. Alilifuma huku simu kaibana begani, akimsikiliza Mama anamsomea uzito wa mtoto wako. Emyr ndiye aliyelipeleka posta.

Nimeshaichomeka simu panapostahili, na nimempigia yule msichana mchangamfu kumrudishia Mama simu za jioni. Nilimwambia Mama kwa pesa chache zaidi angepata na za mchana. Akakataa, akasema mchana mambo yanakuwa bado hayajatokea. Jana kanisani walikaa kila mmoja upande wake kama kawaida, ingawa mtaa mzima uliona zile ndala. Mama anasema watu wataambiwa polepole.

Emyr nimeonana naye. Hakusema mengi, ndivyo alivyo. Alifungua mdomo akanionyesha pengo, akasema hajaliziba mpaka leo, ili ukija uwe na kitu cha kuombea radhi. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Simu za Australia hazimo kwenye kifurushi chochote cha huku, kwa hiyo piga wewe. Kama hujui pa kuanzia, Mama anasema anza kwa kumtukana, mengine yatafuata.

Msalimie sana wifi, na umbusu Beca kwa niaba yetu sote, safari hii na bibi yake Menna akiwemo. Mungu awalinde, na chai yako inywe ikiwa moto.

Ni mimi dada yako, ambaye bado kaduwaa,

Nesta