Mama Kulwa na Neno la Bosi

Ilemela, Mwanza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila vidole vinaniuma kwa sababu ya barafu ya samaki. Kifua cha mama kimepata nafuu? Na mibuni huko Tukuyu imestahimili mvua?

Hapa kiwandani bado tunakata minofu ya sangara, ndege zinaibeba kwenda Ulaya. Kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne, bosi wetu wa kigeni amenifanya mkalimani. Leo nataka nikusimulie habari za Mama Kulwa, mjane wa Kisukuma ninayesimama naye meza moja.

Majuma mawili yaliyopita alimwomba bosi glavu, maana visu vinateleza na tunajikata. Bosi akanijibu kwa Kiingereza kwamba tuache ku-whinge. Neno hilo shuleni hatukufundishwa, linatamkwa "winji". Nikakisia tu: "Anasema tusinung'unike."

Mama Kulwa akanitazama. "Binti, hapo umekisia. Nitafutie maana yenyewe."

Jumapili nikaenda Butimba kwa rafiki yangu anayesomea ualimu, tukafungua kamusi yake. Kumbe ni neno la mtaani: kulialia kama mtoto anayedeka, tena kwa jambo dogo. Waingereza hulitumia wakitaka kumdharau anayesema. Nilitamani nimfiche Mama Kulwa maana hiyo. Sikumficha.

Jumatatu bosi alipopita, Mama Kulwa aliweka kisu chini, akakunjua viganja vyake mezani. Makovu matupu, na kidonda kimoja kibichi. Meza nzima ikaacha kukata.

"Mwambie hivi hivi, usilainishe. Anayelialia anataka abembelezwe. Mimi sitaki kubembelezwa, nadai glavu. Hilo jambo dogo ni lipi hapa? Anionyeshe."

Baba, niliogopa. Wanaotafuta kazi wamejaa getini kila asubuhi, na Mama Kulwa ana mapacha wanaomtegemea. Hata hivyo nilitafsiri kila neno. Bosi alivitazama viganja vile, akaondoka.

Siku tatu hatukujua kama tuna kazi. Alhamisi akaja amebeba glavu mwenyewe, akaniambia nimweleze Mama Kulwa kwamba lile neno halikumstahili.

Nilipomfikishia, alisema, "Nimesikia. Zangu ziwe kubwa, viganja vyangu ni vipana."

Yeye hakuvuka darasa la nne, Baba, lakini sijaona mtu anayejua kusema kama yeye.

Nisalimie mama, pia bibi yangu aliyenilea, shangazi fundi cherehani, na kaka mkubwa na mkewe. Mungu awatunze wote hapo nyumbani.

Ni mimi binti yako,
Atupele