Chakula Kabla ya Umeme

Kisangani, 5 Februari 1961

Papa mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Mimi mzima. Mleteni dada Claudine kwa mashua ya Jumatano. Mmeandika kuwa tangu mtoto wake afe hasemi wala hataki kula; hapa hospitali tuna mashine ya umeme inayoamsha watu wa namna hiyo. Daktari Mbelgiji alikimbia, lakini sanduku lake lipo, na miaka mitatu mimi ndiye niliyemshikia wagonjwa mabega. Kifungo cha kuiwashia nakijua. Msiogope.

Mwanenu, Faustin

Isangi, 2 Machi 1961

Mwanangu,

U hali gani? Tumemzika dada yako, matanga yamekwisha. Watu wanasema umeme ndio uliomuua. Nawajibu kuwa moyo wake ulichoka, kama ulivyotuambia. Mama yako ana faraja moja: asubuhi ile ya umeme, huko hospitali, Claudine alikubali kula samaki mkononi mwake, akamaliza sahani. Kila siku ananisimulia. Tuandikie basi.

Papa yako, Constant

Kisangani, 19 Juni 1966

Papa,

Hujambo? Mama hajambo? Waasi waliingia, wakatoka, nami miaka mitano sikuwaandikia, nikaisingizia posta.

Daktari mpya amenifundisha upya, na sasa nafundisha wauguzi. Somo la kwanza: mgonjwa asile tangu jana yake, maana umeme humtikisa, chakula hupanda na kumziba pumzi. Mbelgiji alitukataza kuwalisha bila kutueleza sababu. Nilidhani ni roho mbaya tu. Ndiyo maana Mama aliponiuliza nilimjibu, "Mupe tu, Mama. Mutu hawezi kuenda na njaa." Moyo haukuchoka, Papa. Claudine alipaliwa mikononi mwangu, nami nikawadanganya. Darasani nilisema "mgonjwa mmoja". Kusema "dada yangu" nilishindwa kwa aibu.

Mwanao, Faustin

Barua hii usimsomee Mama.

Isangi, 4 Julai 1966

Mwanangu Faustin,

Sisi wazima. Barua zako namsomea Mama kwa sauti, wajua. Nilipofika kwenye neno lako la mwisho, alikuwa ameshasikia yote. Hakulia. Aliomba nirudie pale pa chakula. Siku tatu hakuwasha moto.

Leo amesema niandike hivi: "Muambie, kule darasani aseme jina ya Claudine. Na aseme ni mama yake alimulisha."

Nimemwambia kosa si lake, hanisikii. Panda mashua uje umwambie wewe.

Papa yako, Constant