Nzioka Musembi, Ambaye Kaburi Lake Halina Mchanga wa Wizi

Baba, mwaka umeisha tangu tukuzike hapa nyumbani Kathonzweni, na kaburi lako bado halijajengewa kwa saruji. Majirani wanauliza. Leo tunawajibu hadharani.

Ulianza kuandika ukiwa karani wa soko la mifugo, ulipochoka kuona ng'ombe wa wizi wakiuzwa mchana kweupe na wenyewe wakilia kando. Ukaandika katika madaftari yako habari za magenge ya wizi wa ng'ombe, kisha ya makaa, kisha ya mchanga unaoibwa kwenye mito yetu. Miaka arobaini, Baba. Mama alikuwa akikuambia, "Baba Nzilani, siku ya harusi yetu umeisahau, lakini wezi wote wa Kitui na Makueni unawajua mpaka majina ya babu zao." Ulicheka tu na kuomba chai.

Uvumi hukuutaka. Ulipanda boda boda mpaka Mutomo kumtafuta mwizi mstaafu, ukamsomea ulichoandika juu yake. Mwizi huyo, Mzee Mbaluka, alikusahihisha: "Tulikuwa saba, si watano." Siku ya mazishi yako alilia kutushinda sisi.

Wiki moja baadaye, lori lilimwaga mchanga mlangoni. Bwana mmoja aliyevaa suti akasema ni rambirambi, wa kujengea kaburi, na kwamba angetuwekea madaftari yako mahali salama. Mtu huyo yumo katika daftari lako la mwisho, kurasa nane nzima. Mama alikuwa amekalia sanduku la madaftari, akichambua mbaazi. Hakuinuka.

"Pakia mchanga wako," alimwambia. "Mume wangu hafunikwi na kitu cha wizi."

Yeye na watu wa lori waliupakia kwa beleshi, jua la saa saba, sisi tukiwatazama. Tangu hapo tunatishwa kwa simu. Wacha watishe. Kaburi tumelizungushia mawe kutoka Mbooni, na linapendeza.

Jumamosi hii, baada ya ibada ya kukukumbuka, Nzilani atasoma daftari la mwisho kwa sauti, mbele ya watu, kurasa zote. Mwenye jina lake humo aje asahihishe, kama ulivyotaka siku zote. Chai itakuwepo.

Wanaokukumbuka ni mkeo Wayua, wanao Nzilani, Kasyoka na Mutunga, wajukuu zako, na Mzee Mbaluka, aliyeomba jina lake lisikose hapa.

Sisi hatutakusahau kamwe, Baba. Na wao walio daftarini pia hawatakusahau.