Pengwini Wasio na Siagi

4 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Habari za tanurini? Goti linaendeleaje? Mama hajambo, anasema siku hizi umenuna hadi simu zake hupokei. Mimi mzima, ila roho iko juu. Jumamosi ya tarehe 14 wakubwa wa Jumba la Sayansi la Watoto wanakuja kutazama onyesho langu la vikaragosi wa mkate, lile la pengwini na baridi. Wakiridhika nina kazi ya mwaka mzima. Wasiporidhika narudi kupaka mageti rangi.

Nakuomba uniokee pengwini thelathini, wa kuchomekwa kijiti. Sina mwokaji mwingine ninayemwamini.

Mpwa wako

7 Juni

Mpwa,

Marahaba. Goti limepona, moyo ndio bado.

"Onyesho langu"! Mimi nimeoka kwenye meli tatu, nimelisha manahodha waliokuwa wakigombania kona ya mkate wangu, na shule niliiacha darasa la tano kwa sababu mwalimu aliishiwa maneno. Nani alikuonyesha kwamba mikate iliyobanana kwenye trei hukaa na joto, na ule wa peke yake hupoa kwanza? Nani alikwambia, "Ndivyo pengwini wanavyofanya kwenye barafu, wanabanana, wa pembeni wanaingia kati kwa zamu"? Ni mimi, unga hadi kwenye nyusi. Gazeti likaandika ubunifu ni wako. Niliisoma ile habari mara tatu nikijitafuta humo kama mtu anayetafuta chawa.

Lakini wewe ni mtoto wa dada yangu, nifanyeje? Pengwini watafika, wazuri, wanang'aa. Utanikumbuka.

Mjomba wako, Bingwa wa Tanuri

15 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama kuliko mimi.

Watoto mia mbili walikaa sakafuni, wakubwa kwenye viti. Pengwini wa kwanza aliinama kusalimia, kichwa kikaanguka. Wa pili akapasuka tumbo. Nilipofika pale pa kubanana sikuwa na pengwini tena, nilikuwa na chenga. Mtoto mmoja akalia, waliobaki wakacheka, na mkubwa mmoja akawa anakung'uta makombo kwenye tai.

Nilivunja mmoja nikanusa. Mjomba, nimekanda nawe miaka sita. Hukutia siagi hata kijiko. Ulinifundisha mwenyewe kwamba mkate usio na mafuta haufiki mbali, na pengwini bila shahamu chini ya ngozi hamalizi usiku.

Sasa sikia. Lile la gazeti kosa langu. Niliona haya kusema nimefundishwa na mtu wa darasa la tano. Nilitaka kulirekebisha jana, ndiyo maana bango la mlangoni, refu kuliko mimi, liliandikwa: PENGWINI HAWA WAMEBUNIWA NA KUOKWA NA MJOMBA WANGU. Picha yako pembeni, unacheka. Kila mtu alilisoma akiingia. Na akitoka.

Nimepewa nafasi moja tu, Jumamosi ijayo. Sikukushtaki. Nimewaambia mwokaji atakuja mwenyewe kuwaeleza watoto kwa nini pengwini wake walimomonyoka. Hicho ndicho kisasi changu. Na usisingizie goti.

Mpwa wako

18 Juni

Mpwa,

Marahaba, ingawa sistahili. Nilicheka, kisha nikakaa juu ya gunia la unga hadi mikate ya watu ikaungua. Nimekupiga kibao, kumbe shavu ni langu! Bandari zote nilizopita, sijaona mtu aliyejichimbia shimo kwa ufundi kama mimi.

Nakuja Ijumaa kwa basi la asubuhi, trei mbili: moja ya pengwini wenye siagi, moja ya wasio nayo. Nitasimama mbele ya hao mia mbili niwaambie hawa wakavu waliokwa na mtu mzima mwenye hasira, wawavunje kwa mikono yao waone. Wakinizomea, sawa. Na wewe zomea.

Ila usidhani nimekusamehe. Trei zote mbili utazibeba wewe toka stendi, na mimi nitatangulia mbele, mikono mfukoni, nikisalimia watu.

Mjomba wako