Jogoo wa Darajani

Mjukuu wangu Elia,

Bwana asifiwe. Huku Karatu tu wazima, babu yako anavuna mahindi na maumivu ya magoti yamemwachia kidogo. Ujumbe wako umenifurahisha mno. Unataka wanafunzi wako hapo Mwanza wapate njia yao ya miguu, mbali na malori, ila unajiuliza nani atachanga na hali ilivyo ngumu.

Mimi nikiwa darasa la tatu tulivuka korongo kwenda shule, na mvua ikinyesha maji yalitaka kutubeba. Jumapili moja, baada ya ibada, mama akatoa jogoo anadiwe ili tupate daraja. Fundi cherehani akamnunua, kisha akamrudisha: "Mnadi tena." Mwingine akanunua, naye akarudisha. Elia, uwanja ulichemka, mpaka mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi akakaukwa na sauti.

Akapita mwenye duka wa mjini, Mwislamu, akitokea Mang'ola na vitunguu. "Jogoo gani huyu asiyepata mwenyewe?"

Alipoelezwa akaingiza mkono mfukoni. "Hata wanangu wanavuka hapo," akasema, akatoa hela kuwashinda wote. Tukangoja amrudishe.

"Huyu simrudishi. Nitamchinja siku daraja likiisha, tule wote."

Na alimchinja kweli. Mchuzi ulikuwa mwingi kuliko nyama, lakini tuliunywa tumesimama juu ya daraja, wanawe na sisi, maji yakipita chini.

Basi wewe waulize tu watu watoto wao wanapita wapi. Nakuombea kila asubuhi, mwanangu.

Bibi yako