Makala ya Watoto wa Wodi Yetu

Arua, 6 Februari 2024

Dada Lailah,

Pokea salamu zetu. Huku wazima, mama anakula vizuri na kulalamika vilevile. Na huko Nakawa, Kampala, mko salama?

Unamkumbuka Dakta Akwero wa chuo chenu, aliyewachunguza watoto wenye selimundu katika wodi yangu? Makala yake imetoka. Nimeitafuta kwenye simu, naambiwa nilipe dola kwanza. Damu ya watoto hao niliitoa kwa mkono wangu, na matokeo siruhusiwi kusoma. Nina binti wa askari hapa, Atoo, kila mwezi analazwa kwa maumivu. Wewe ndiye mkuu wa maktaba. Nisaidie.

Kaka yako,
Jibril

Kampala, 11 Februari 2024

Kaka Jibril,

Alhamdulillah, mimi mzima ila kazi nyingi. Jarida hilo hata sisi limetushinda bei. Nimemwomba Dakta Akwero mwenyewe, atakutumia nakala.

Lakini nimekosa usingizi. Wewe una dada maktaba. Waganga wa wilaya za Moyo na Adjumani wana nani? Kila mwaka chuo kinawalipa wachapishaji wa Ulaya ili tusome kazi za wahadhiri wetu wenyewe. Nitaiomba seneti ya chuo ipunguze ununuzi huo, fedha ijenge hazina ya mtandaoni iliyo wazi kwa yeyote. Profesa Ogwal, mmoja wa wajumbe wake, amenionya kwamba nikishindwa, nisitegemee kubaki na cheo. Naogopa, kaka.

Dada yako,
Lailah

Arua, 20 Aprili 2024

Dada,

Hujambo? Umenyamaza, mama anakuuliza kila siku.

Makala niliipata. Niliisoma na wauguzi, tukabadilisha namna ya kumhudumia Atoo. Mwezi huu hakulazwa, yuko shuleni. Waambie hilo wakubwa wako.

Kaka yako,
Jibril

Kampala, 29 Juni 2024

Kaka yangu,

Natumaini mu wazima. Nisamehe, miezi hii nilikuwa vitani. Wahadhiri wengi walisema majarida ya Ulaya ndiyo yanawapandisha vyeo.

Jana seneti ilikaa. Niliwaeleza habari za Atoo. Ogwal akauliza, "Na ubora utalindwa na nani?"

Dakta Akwero akasimama. "Na walewale wanaoulinda leo. Makala za majarida hayo tunazikagua sisi, bure. Na mimi nikiwa nyumbani siwezi kufungua makala yangu mwenyewe."

Watu wakacheka, kisha mikono ikaanza kunyanyuka. Tumeshinda, kaka. Hata Ogwal alinyanyua wake, wa mwisho. Nilikaa kwenye ngazi nikalia, halafu nikapanda boda hadi Kabalagala nikala nyama choma peke yangu kama tajiri. Makala ya wodi yenu ndiyo ya kwanza kuingia kwenye hazina.

Dada yako,
Lailah

Arua, 14 Septemba 2024

Lailah wetu,

Salamu nyingi, na leo zina sababu.

Asubuhi wamefika waganga wawili kutoka Aru, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Nikadhani wameleta mgonjwa. Mmoja akatoa simu. "Tumeisoma makala ya wodi yenu," akasema. "Tumekuja kuona mnavyofanya."

Nimewatembeza kitanda hadi kitanda, nao wanaandika. Sasa wako nyumbani kwetu. Mama amejifunga gurbaba, vazi lake la Kinubi la sikukuu, anawapikia, na kila anayepita barabarani anaitwa aingie asikie kazi aliyoifanya binti yake Kampala.

Kaka yako,
Jibril